Miombo ya Unyanyembe: Uainishaji na Chimbuko la Miti ya Njia ya Msafara

Isevya ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, mji uliokua ndani ya utemi wa Unyanyembe katika nchi ya Unyamwezi, mahali ambapo njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Atokaye hapo kwenda Sikonge, Urambo au Kaliua, akishayapita mashamba na viunga vya mji, huingia katika pori lenye miti ambayo wenyeji huitambua mmoja mmoja kwa gome, jani na utomvu: mtundu, muba, myombo, mninga, mkurungu. Pori hilo ni sehemu ya ukanda wa miombo, ambao kwa makadirio mengi unazidi kilomita za mraba milioni 2, ukianzia Tanzania ya magharibi na kusini na kuenea hadi Zambia, Angola, Kongo ya kusini, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Historia ya Tabora imeandikwa mara nyingi kwa kuhesabu pembe za ndovu, bunduki, watumwa, watemi na vita. Miti iliyoipa misafara kivuli, kamba, dawa na asali imeachwa pembezoni, ingawa ndiyo yenye historia ndefu kuliko vyote hivyo, na ingawa namna ilivyopata majina yake ya kisayansi ni sehemu ya historia ya msafara wenyewe.

Uainishaji wa viumbe ni kazi ya kuvipanga katika makundi yanayoonyesha undugu wao. Kundi la chini linalotumika sana ni spishi, yaani viumbe wa aina moja wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe; spishi zenye undugu wa karibu huwekwa katika jenasi, jenasi katika familia, na familia katika oda. Tangu Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha kitabu chake cha spishi za mimea mwaka 1753, kila mmea hupewa jina la maneno mawili yenye umbo la Kilatini, la kwanza likiwa la jenasi na la pili la kuitofautisha spishi. Jina hilo halielei hewani, bali hufungwa kwenye kielelezo, yaani tawi lenye majani, maua au matunda lililokaushwa, likabandikwa kwenye karatasi pamoja na jina la aliyelikata, mahali na tarehe, kisha likahifadhiwa katika herbari, ambayo ni ghala la mimea mikavu. Kwa hiyo swali la mti fulani ni wa aina gani, katika elimu hii, mara nyingi hugeuka kuwa swali la karatasi ipi iko wapi na nani aliileta, na ndipo njia ya msafara inapoingia katika historia ya botania.

Wanasayansi wanapotaka kuonyesha jinsi uainishaji unavyotegemea asili ya kale ya kiumbe hupenda kuutaja ginkgo wa China, mti ambao Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyeishi Japani, aliueleza katika kitabu cha mwaka 1712, na ambao Linnaeus aliupa jina Ginkgo biloba mwaka 1771. Kwa muda mrefu uliwekwa karibu na miti ya jamii ya misonobari, mpaka mwaka 1896 Mjapani Sakugoro Hirase alipogundua kwamba mbegu zake za kiume huogelea, tabia isiyopatikana katika misonobari, na mwaka uliofuata Adolf Engler wa Berlin akauundia familia yake peke yake. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe au kuacha alama katika miamba, vinaonyesha kwamba ukoo wa ginkgo ulienea duniani zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, na kwamba spishi moja tu ndiyo iliyobaki hai. Miombo ya Tabora ni kinyume cha ginkgo karibu kwa kila jambo, kwa kuwa ugumu wake hautokani na upweke bali na wingi wa ndugu wanaofanana na hata kuchanganyika damu. Hata hivyo historia hizi mbili zilipitia kwa kiasi fulani mikono ile ile, kwani Engler huyo huyo ndiye aliyehariri, mwaka 1895, kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ambamo miti kadhaa ya Unyamwezi ilipata majina.

Kabla ya hapo miti hiyo ilikuwa imekwisha kuainishwa na watu walioitumia. Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote kati ya pwani na maziwa makuu, walijua ni gome lipi linalotoa kamba isiyokatika njiani, gome lipi linalobanduka zima hata likafaa kushonwa kuwa mzinga wa nyuki au lindo la kuwekea nafaka, mti upi huota mahali penye udongo wenye rutuba na upi huonyesha kichanga kisichofaa kulimwa. Myombo ulitoa nyuzi za kamba na za kufungia mizigo. Mtundu na muba zilitoa magome ya mizinga na maua yenye asali nyingi. Mninga ulijulikana kwa utomvu wake mwekundu kama damu, uliotumiwa kwa dawa na kwa rangi, na kwa mbao zake zisizoliwa upesi na mchwa. Huu ni uainishaji kamili, wenye vigezo vyake na uwezo wa kubashiri, na kuuita ujuzi wa kienyeji tu, kana kwamba sayansi ilianza pale karatasi ya kwanza ilipobandikwa, ni kuukosea haki, hasa kwa kuwa waliokata matawi ya kwanza kupelekwa Ulaya waliongozwa porini na watu hao hao.

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, kama kituo cha Waarabu cha Unyanyembe kilivyoitwa wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, lakini safari iliyoleta mavuno makubwa kwa botania ni ya pili, ambapo Speke alifuatana na James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Uingereza la India. Wawili hao waliingia Kazeh Januari 1861, wakakaa kwa miezi kadhaa kati ya Unyanyembe na sehemu za kaskazini ya Unyamwezi kwa sababu ya vita, ukosefu wa wapagazi na maradhi, na katika kusubiri huko Grant alikusanya mimea, akaikausha na kuandika matumizi yake kama alivyoelezwa. Mzigo huo wa karatasi ulibebwa hadi Misri, ukafika bustani ya Kew karibu na London, na Daniel Oliver, mtunza herbari wa Kew, aliuchambua pamoja na wenzake. Matokeo yalichapishwa kati ya 1872 na 1875 katika juzuu la 29 la machapisho ya Linnean Society ya London, likiwa na michoro mingi na utangulizi wa Grant mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mimea ya bara la Tanzania, kutoka pwani hadi Karagwe, ilikuwa imepangwa mahali pamoja kwa utaratibu wa Linnaeus, na mpangilio wake kijiografia haukuwa mwingine ila mstari wa njia ya msafara: kilichoota kando ya njia kiliingia kitabuni, na kilichoota siku mbili mbali na njia kilibaki nje.

Si miti yote iliyongoja safari hiyo. Mninga ulikuwa tayari na jina la Pterocarpus angolensis, ambalo Augustin Pyramus de Candolle wa Geneva alikuwa amelitoa mwaka 1825 kwa mmea uliotoka Angola, upande wa pili wa bara, na jenasi yenyewe ilikuwa imeundwa na Nikolaus Joseph von Jacquin mwaka 1763 kwa kuangalia tunda lake lenye ubawa. Vivyo hivyo jenasi Brachystegia, ambayo ndiyo kiini cha miombo, ilielezwa na George Bentham mwaka 1865, na mwaka 1866 akatoa jina Brachystegia spiciformis, ambalo leo ndilo la mtundu. Jambo hili lina maana kubwa kwa msomaji wa Tabora, kwani linaonyesha kwamba mti unaoota nyuma ya nyumba yake ulitambuliwa kisayansi kwa vielelezo vya nchi za mbali, kisha ikabidi watu wathibitishe kwamba mti wa Unyamwezi na ule wa Angola ni mmoja. Uthibitisho huo ulichukua miaka mingi na uliacha majina mengi ya ziada njiani, kwa sababu kila mtaalamu aliyepata tawi jipya lenye majani mapana kidogo au nywele nyingi kidogo aliona spishi mpya.

Mtu aliyeifunga Tabora na uainishaji wa miombo kwa namna ya pekee ni Richard Böhm, mwanazoolojia wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1854. Mwaka 1880 yeye, Paul Reichard na Emil Kaiser walifika Unyamwezi katika msafara wa Wajerumani uliokusudia kuanzisha kituo cha utafiti, wakaishi Kakoma na baadaye Igonda katika utemi wa Ugunda, kusini-magharibi mwa Tabora. Böhm alikuwa mtazamaji mwangalifu wa ndege na wanyama, na jina lake limebaki kwa ndege mdogo wa jamii ya kerem, Merops boehmii, na kwa pundamilia wa Afrika Mashariki. Lakini alikusanya mimea pia, katika nchi ambayo hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyekuwa ameishi kwa muda mrefu kiasi hicho. Alifia Katanga mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 29. Miaka 11 baadaye mwanabotania Paul Taubert, katika kile kitabu kilichohaririwa na Engler, aliupa myombo jina la Brachystegia boehmii. Hivyo mti ambao Wanyamwezi walisokota kamba zake kwa vizazi vingi ukaingia katika orodha ya dunia kwa jina la mgeni aliyekaa nchini mwao kwa muda mfupi, na hilo ndilo jina ambalo kanuni za botania zinalilinda mpaka leo.

Katika kitabu hicho hicho Taubert alitoa jina jingine linalohusu njia ya msafara, Berlinia eminii, kwa kumkumbuka Emin Pasha, ambaye katikati ya mwaka 1890 alipita Tabora pamoja na Franz Stuhlmann akielekea Ziwa Viktoria na akapandisha hapo bendera ya Ujerumani, miaka michache kabla Isike, mtemi wa Unyanyembe, hajajilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 asichukuliwe hai na majeshi ya Kijerumani ya Tom von Prince. Jina hilo la Emin halikudumu kama lile la Böhm. Mti uliohusika ulikuwa muba, ambao Bentham alikuwa ameueleza mwaka 1881 kwa kuuweka katika Brachystegia kwa jina la pili globiflora, na kanuni ya botania inasema kwamba jina la pili lililotangulia kuchapishwa ndilo lenye haki hata jenasi ikibadilika. Muba ukahamishwa kutoka Brachystegia kwenda Berlinia, kisha Isoberlinia, mpaka mwaka 1950 Georges Troupin wa Ubelgiji alipouweka katika jenasi Julbernardia, ambamo umebaki kwa jina Julbernardia globiflora. Anayesoma ripoti za misitu za miaka ya 1930 na 1940 hana budi kukumbuka uhamisho huo, la sivyo atadhani ripoti zinazungumzia miti mitatu au minne ilhali zinazungumzia muba mmoja.

Hasara kubwa katika historia hii ilitokea mbali na Tabora, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu yalipoteketeza herbari ya Berlin-Dahlem pamoja na sehemu kubwa sana ya hazina yake, ikiwemo mimea mingi iliyokusanywa Afrika Mashariki wakati wa misafara na wa utawala wa Kijerumani. Kwa kuwa jina la kisayansi hufungwa kwenye kielelezo, kuungua kwa vielelezo kuliyaacha majina mengi bila nanga, na wataalamu waliofuata walilazimika kutafuta nakala zilizokuwa zimepelekwa Kew au kwingineko, au kuteua vielelezo vingine vishike nafasi ya vilivyopotea. Kilichookoa elimu ya mimea ya Tanganyika kwa sehemu ni kwamba kazi ilikuwa imekwisha kuhamia pia Afrika yenyewe. Kituo cha Amani katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilikuwa na herbari yake, ambayo mwaka 1950 ilihamishiwa Nairobi ikawa msingi wa Herbari ya Afrika Mashariki, na Peter Greenway, aliyefanya kazi Amani kwa miaka mingi, alishirikiana na J. P. M. Brenan kutoa mwaka 1949 orodha ya miti na vichaka vya Tanganyika yenye majina ya kienyeji kutoka lugha nyingi za nchi.

Brachystegia, hata hivyo, ilibaki kichwa kigumu. John Hutchinson na Joseph Burtt Davy walipoipitia upya mwaka 1923 walitambua spishi nyingi, na nyingine ziliongezwa baadaye; lakini wale walioishi porini walianza kushuku hesabu hiyo. B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o aliyezunguka Tanganyika ya kati na magharibi mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, alieleza miti hii kwa jamii zake na kwa udongo wake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1942 baada ya kifo chake. A. C. Hoyle wa Oxford ndiye aliyechukua mzigo wa kulinganisha maelfu ya vielelezo na kuonyesha kwamba majina mengi yalikuwa ya sura tofauti za spishi ile ile, au ya machotara, yaani miti iliyozaliwa na wazazi wa spishi mbili. Mtundu peke yake una majani ya maumbo mengi kiasi kwamba matawi mawili ya mti mmoja yaweza kumdanganya asiyeujua. Brenan alipoandika sehemu ya jamii hiyo katika kitabu cha Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki mwaka 1967 alifuata mwelekeo huo wa kupunguza, na leo jenasi hukadiriwa kuwa na spishi zipatazo 30. Flora hiyo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na mimea zaidi ya 12,000 ya Tanzania, Kenya na Uganda, ndiyo kipimo ambacho mtafiti yeyote wa miombo ya Tabora huanzia.

Uchanganyikaji huo wa damu si kasoro ya wataalamu bali ni habari kuhusu miti yenyewe. Spishi zinazoweza kupata machotara kirahisi ni spishi zilizoachana hivi karibuni kwa saa ya mageuko, ambayo huhesabu kwa mamilioni ya miaka, na kwa hiyo vurugu ya majina ya Brachystegia ni dalili kwamba jenasi hii bado iko katika kutawanyika, tofauti na ginkgo ambao jamaa zake wote wamekwisha kutoweka. Ili kujua kutawanyika huko kulianzia wapi hapana budi kupanda ngazi hadi kwenye familia. Mtundu, muba, myombo, mninga na mkurungu wote ni wa familia ya kunde, yenye spishi karibu 20,000, ikiwemo maharage, karanga na migunga. Kwa muda mrefu familia hii iligawanywa katika nusufamilia tatu kwa kuangalia umbo la ua. Uchunguzi wa vinasaba, yaani taarifa za urithi zilizomo ndani ya seli, ulionyesha kwamba moja ya hizo tatu ilikuwa kapu la kuwekea kila kisichojulikana pa kuwekwa, na mwaka 2017 kundi la kimataifa la wataalamu wa jamii ya kunde lilichapisha mgawanyo mpya wa nusufamilia sita. Mninga na mkurungu zimebaki upande wa maharage, wakati mtundu, muba na myombo zimo katika nusufamilia iitwayo Detarioideae, ambayo jenasi zake nyingi ziko Afrika.

Hapo hujitokeza undugu ambao wafanyabiashara wa karne ya 19 wasingeukisia. Sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini pwani ya Tanzania ya leo na kuuzwa kupitia Unguja kwa watengenezaji wa vanishi wa Ulaya na Marekani, hutoka kwa mti wa pwani ambao nao ni wa Detarioideae. John Kirk, daktari na mwanabotania aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja na aliyepitishia vielelezo vingi kwenda Kew, alionyesha karibu na mwaka 1870 kwamba sandarusi ya kuchimbwa na utomvu wa miti hai ya pwani vina asili moja. Mti huo, Hymenaea verrucosa, ndio pekee wa jenasi yake ulioko upande huu wa bahari, kwani ndugu zake wote wa karibu wako Amerika. Msafara ulioondoka Bagamoyo ukiacha nyuma mashimo ya sandarusi, ukavuka Ugogo mkavu na kuingia Unyamwezi, ulikuwa kwa hiyo unatoka kwa mmoja wa ukoo na kufika kwa wengine.

Visukuku vya kale kabisa vya familia ya kunde vina umri wa takriban miaka milioni 65, wakati ambapo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa zimekwisha kuachana na bahari kukaa katikati. Kwa sababu hiyo kuenea kwa jenasi kama Pterocarpus katika Afrika, Asia na Amerika hakuwezi kuelezwa kwa kuvunjika kwa bara kuu la kale, bali kwa mbegu zilizovuka maji na nchi katika zama za baadaye. Kwa ukoo wa miombo yenyewe Tanzania ina ushahidi ambao nchi chache zinao, na haupo mbali sana na njia ya msafara. Magharibi mwa mji wa Singida, mahali paitwapo Mahenge, pasipochanganywa na Mahenge ya Ulanga mkoani Morogoro, palikuwa na ziwa dogo lililojaa ndani ya shimo la mlipuko wa volkano takriban miaka milioni 46 iliyopita. Tope laini la ziwa hilo lilihifadhi majani, samaki, vyura na hata popo, na mwaka 2000 Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs walieleza humo spishi mbili za jamii ya kunde: mgunga walioupa jina Acacia mahengensis, na mti walioupa jina Aphanocalyx singidaensis kwa heshima ya Singida.

Thamani ya jani hilo la pili ni kubwa. Aphanocalyx ni jenasi iliyo hai, ya kabila moja la kiuainishaji na Brachystegia na Julbernardia, na spishi zake nyingi za leo huishi katika misitu ya mvua ya Afrika ya Kati na Magharibi. Majani ya Mahenge yalipopimwa ukubwa na umbo, kwa kuwa majani ya mimea hubeba alama za kiasi cha mvua, yalionyesha nchi iliyopata mvua kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, yenye msimu wa kiangazi, yaani hali ya pori la miti inayofanana na miombo ya sasa kuliko msitu mnene. Hii haimaanishi kwamba mtundu na muba zilikuwepo miaka milioni 46 iliyopita. Inamaanisha kwamba ukoo wao ulikuwepo katika bara hili, umbali mfupi kutoka Unyamwezi, na kwamba miti ya jamii hiyo ilikuwa imekwisha kuzoea ukavu mapema mno kuliko ilivyodhaniwa. Spishi za sasa zilikuja baadaye sana, Afrika ilipozidi kukauka na moto wa nyika kuwa jambo la kila mwaka.

Alama za safari hiyo ndefu zinaonekana katika miili ya miti yenyewe. Maganda ya mtundu na myombo hupasuka kwa kishindo wakati wa kiangazi na kurusha mbegu hatua chache tu kutoka kwa mama, kwa hiyo pori hutambaa polepole mno, na mahali lilipofyekwa lote hurudi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Mninga umechagua njia nyingine, kwani ganda lake la duara lenye ubawa na miiba katikati huchukuliwa na upepo, lakini mche wake hufa juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua tena kila masika, mara nyingi kwa miaka zaidi ya 8, ukijenga mzizi kwanza mpaka upate nguvu ya kupandisha shina litakaloupita urefu moto. Tofauti nyingine iko chini ya udongo. Mninga, kama maharage, una vinundu vya bakteria vinavyoupatia naitrojeni, ilhali mtundu, muba na myombo hazina vinundu, badala yake mizizi yake imefungamana na kuvu zinazouletea mti virutubisho kutoka udongo maskini. Kuvu hizo ndizo zinazotoa aina nyingi za uyoga ambao akina mama wa Tabora huukusanya na kuuuza kandokando ya barabara masika yanapoanza, na kwa maana hiyo kikapu cha uyoga ni ushahidi wa undugu wa Detarioideae usiohitaji maabara: penye mtundu uyoga huota, na mtundu ukikatwa wote uyoga hutoweka.

Karne ya 20 ililipunguza pori hili kwa kasi ambayo mbegu zake haziwezi kuifuata. Baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912 mbao za mninga zilipata njia ya kwenda pwani; mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika baada ya miaka michache, ulifyeka eneo kubwa la miombo huko Urambo; kisha kilimo cha tumbaku kilileta mabani ya kukaushia yanayokula kuni kila msimu. Mkurungu, Pterocarpus tinctorius, ambao zamani haukuwa na soko kubwa nje, ulianza kutafutwa na wanunuzi wa Asia kwa wekundu wa mbao zake, hata mwaka 2019 ukaingizwa katika kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, nchi wanachama zilipanua orodha hiyo kuhusisha Pterocarpus zote za Afrika, mninga ukiwemo. Hapo uainishaji ulithibitisha faida yake ya kisheria, kwa kuwa sababu mojawapo ya kuzilinda zote pamoja ni ugumu wa ofisa wa bandarini kuutofautisha ubao wa spishi moja na wa nyingine.

Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu miombo ya Tabora bado inategemea matawi yaliyokatwa kando ya njia chache, ya msafara kwanza na ya reli na barabara baadaye, huku warina asali na waganga wanaoingia ndani ya pori la Ugalla kwa wiki nyingi wakiwa na majina na tofauti ambazo hazijafungwa kwenye kielelezo chochote. Mkoa huu una chuo cha ufugaji nyuki na kituo cha utafiti cha Tumbi, na nchi ina herbari zake Arusha, Dar es Salaam na Lushoto. Taasisi hizo zinapaswa kukusanya upya vielelezo vya Unyanyembe, Ugunda na Ugalla wakati warina asali wenye umri mkubwa bado wapo wa kuwaongoza, na kila karatasi iandikwe, kando ya jina la Kilatini, jina la Kinyamwezi la mti na jina la mtu aliyeuonyesha.